Kazi Niliyomtungia Mjukuu Wangu

Siku mbili kabla ya Krismasi mjukuu wangu wa kike alifika nyumbani kutoka Dodoma, ana sanduku la magurudumu na mfuko wa zabibu. Majirani walimpokea vizuri. Mmoja alimshika mashavu akasema Dodoma imemkubali. Tuliojua kwamba hakutoka Dodoma tulikuwa watu watatu tu: yeye mwenyewe, mimi, na dada yangu wa Mwika, ambaye alikaa naye miezi miwili akimkatisha majani ya ng'ombe. Lile sanduku lilijaa mablanketi yangu. Zabibu nilizinunua mimi kwa mkono wangu asubuhi ile ile, sokoni Moshi mjini.

Nimesoma mpaka darasa la nne, na mwandiko wangu unapanda na kushuka kama njia za huku kwetu. Lakini hili nimeona niliandike. Ukisema aibu yako kwa mdomo watu wema wanakukatiza: "Ah, bibi, usijali, ni mapenzi tu." Si mapenzi tu. Daftari halikatizi mtu.

Mtoto huyu aliletwa kwangu ana miaka mitatu. Mama yake ni binti yangu wa kwanza, aliyeolewa Singida. Babu yake alipofariki wakaona nisibaki peke yangu, wakaniletea huyu. Nimemlea kwenye kihamba changu hapa Machame, katikati ya migomba na kahawa, na zizi la ng'ombe mmoja, miaka mingine wawili. Maziwa ya ng'ombe hao ndiyo yaliyomsomesha. Alipofaulu kwenda chuo kikuu akaniambia anakwenda kusomea sayansi ya chakula.

"Miaka yote hiyo unasomea chakula?" nikamuuliza. "Mimi nakupikia mtori tangu huna meno, ulikuwa huangalii?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanieleza habari za wadudu wasioonekana, jinsi wanavyoharibu maziwa kabla hata hujayafikisha barabarani. Nusu yake sikuielewa. Nikiwa na wenzangu nilikuwa natamka "sayansi" kwa sauti, na "chakula" kwa kunong'ona.

Alipohitimu nilitoa shukrani kanisani. Nikasimama naye mbele ya usharika, yeye na joho lake jeusi, mimi na kitenge kipya kilichokuwa bado kinanuka duka. Mchungaji akanipa kipaza sauti, na hilo lilikuwa kosa lake. Nilisema hivi: "Watu wa Mungu, mikono hii ya mjukuu wangu haitakata majani ya ng'ombe tena." Watu wakapiga makofi. Nusu ya mikono iliyopiga makofi ilikuwa imekata majani asubuhi ile ile kabla ya kuja ibadani. Hilo sikuliona wakati ule.

Basi, mikono hiyo ikakata majani mwaka mzima na zaidi. Alikuwa anapanda mpaka kwenye ukuta wa kanisa, ambako simu inashika mtandao vizuri, anatuma maombi. Anashuka Moshi kuchapisha vyeti, anapanda tena. Majibu yakija, yanakuja na neno moja: uzoefu. Miaka miwili ya uzoefu, miaka mitatu ya uzoefu.

"Bibi," akaniambia siku moja, "kila mtu anautaka uzoefu na hakuna anayeutoa. Nataka niende pale kituo cha maziwa, niombe kupima. Hata bure."

Kituo chenyewe ni kibanda cha bati pale barabarani, ambako sisi kina mama tunapeleka maziwa kila asubuhi. Kuna mzee anayeyapima, kisha gari linakuja kuyachukua.

"Ukapime maziwa ya wale wale waliokupigia makofi?" nikamwambia. "Tena bure?"

"Nitajifunza."

"Umeshajifunza. Una cheti ukutani."

Akachukua mundu akarudi kwenye majani. Huyu mtoto ana heshima, na heshima yake nimeitumia vibaya mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Watu wa huku wakikusalimu hawakuulizi hali yako, wanakuuliza habari za watoto. "Mjukuu yuko wapi siku hizi?" Mwanzoni nilijibu, "Anasubiri." Baadaye nikaongeza, "Kuna mahali wamemwambia asubiri." Mwenzangu mmoja wa umoja wa kina mama akasema, "Kusubiri nako ni kazi." Wakacheka wote. Nilicheka pamoja nao, nikarudi nyumbani, na chakula cha jioni kikanishinda.

Mwezi wa kumi akaitwa usaili Dodoma. Akaenda. Asubuhi ya pili yake niko kituoni na keni yangu ya maziwa, nyuma yangu yuko jirani yangu, mama mmoja ambaye kihamba chake na changu vinatenganishwa na mfongo tu, ule mfereji wa maji waliouchimba mababu.

"Mjukuu simwoni siku mbili hizi," akasema.

"Yuko Dodoma."

"Kikazi?"

Nikaangalia kifuniko cha keni yangu. Kilikuwa na kutu pembeni, ndiyo kwanza nakiona. "Kikazi," nikasema.

"Serikalini?"

"Kwani Dodoma kuna nini kingine?"

Uongo wenyewe ulikuwa mfupi hivyo. Kufika saa sita mchana nilikuwa nimepongezwa na watu ambao hawajanisalimu tangu Pasaka. Kina mama walikuja wakaimba uani kwangu. Nikawapa chai. Wakaomba Mungu amlinde mtoto na fitina za ofisini, nami nikasema amina, tena kwa nguvu.

Siku ya tatu akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Bibi, tulikuwa wengi mno. Sikupita. Narudi kesho."

"Usirudi," nikasema.

Nikasikia magari ya huko aliko.

"Nenda Mwika kwa bibi yako mwingine. Kaa huko kwanza. Huku nimeshasema umepata."

"Bibi! Sasa watu wakijua nina kazi, nani ataniambia kuna kazi?"

Swali lile alinipa bure, na lilikuwa na akili kuliko vyote nilivyomlipia ada. Mimi nikamjibu, "Mtu hatangazi njaa yake barabarani." Maneno hayo niliyatunga hapo hapo, nikayasema kama vile yameandikwa kwenye Biblia.

Akaenda Mwika.

Desemba ikaja. Asiyetoka Kilimanjaro hawezi kujua Desemba yetu. Watoto wote waliotapakaa Dar, Arusha, Mwanza na kwingineko wanarudi, magari yanapanga foleni kwenye njia za migomba, kila ua una moshi na mbuzi. Hapo ndipo posa zinapopelekwa, mipaka ya vihamba inapogombewa na kupatanishwa. Na kazi pia. Kazi nyingi za huku kwetu hazikutangazwa kwenye karatasi yoyote. Zilitajwa Desemba, na mtu aliyeshika bakuli la supu: "Kuna nafasi kwetu, kijana wako yuko wapi?" Mimi ni mtu mzima, haya nimeyaona maisha yangu yote. Na katika Desemba hiyo hiyo nikamleta mjukuu wangu nyumbani na sanduku la mablanketi.

Tulikutana Moshi asubuhi. Yeye ametoka Mwika na kimfuko, mimi nimeshuka na sanduku lake. Niliposikia magurudumu yanavyolia kwa uzito nikaridhika. Halafu nikakumbuka: mtu akitoka Dodoma watu watauliza zabibu.

"Bibi, hizi ni za Dodoma kabisa," muuzaji akaniambia.

"Ndizo ninazozitaka," nikajibu.

Mjukuu wangu alisimama pembeni anaangalia viatu vyake. "Bibi, naona aibu."

"Aibu ya nini? Wewe umesoma."

Nikamwacha mjini mpaka alasiri, nikatangulia mimi, ili nipate kuwa nyumbani nishangae. Na nilishangaa. Pikipiki iliposimama nilipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbilia chini ya mibuni. Yule jirani yangu akavuka mfongo mbio, akapewa zabibu, akala akazisifu. "Hizi za huko zina utamu wake," akasema. Mjukuu wangu akavuta sanduku ndani bila kugeuka nyuma.

Siku ya pili baada ya Krismasi, jirani huyo akaja na binti yake. Binti ni mtu mzima sasa, yuko Arusha, kwenye kiwanda cha maziwa, na ana watu chini yake. Tangu mdogo alikuwa anakuja kwangu kuomba moto. Nikawakaribisha, nikawapa kisusio, supu ya mbuzi iliyochemka na damu yake, maana mtu wa mjini akirudi ndicho anachokililia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umenenepa. Arusha inakulisha."

"Ni maziwa, bibi, nashinda nayo kutwa." Akamgeukia mjukuu wangu aliyekuwa anagawa mabakuli. "Na wewe, Dodoma kukoje?"

Mjukuu wangu akanitazama. Mimi nikatazama sufuria.

"Kuna vumbi, dada. Na jua kali mchana."

"Uko wizara gani?"

"Hayo ya ofisini tuyaache," nikaingilia, "leo ni sikukuu."

Binti wa jirani akacheka, akapuliza supu yake. "Basi nimechelewa. Nilikuja na jambo. Kiwandani natafuta mtu wa kupima maziwa yanapoingia. Miezi mitatu anajifunza, anapewa posho, akiweza anaajiriwa. Nimeletewa maombi rundo zima, lakini nafasi hii nataka nimpe mtu ninayejua anakotoka. Nikamkumbuka huyu, si alisomea mambo haya haya? Mama ndiye akaniambia ameshapata Dodoma."

Nataka niandike sawasawa kilichotokea hapo, kwa sababu ndicho kinachonichoma. Mjukuu wangu alikuwa ameinama anaweka bakuli mezani. Hakuliachia. Akainua uso, mdomo ukafunguka kidogo, akanitazama akisubiri. Alikuwa ananiachia nafasi niseme mimi mwenyewe, nitengue kwa mdomo wangu nilichokifunga kwa mdomo wangu, asiniumbue mbele ya wageni. Maneno yenyewe yalikuwa matatu: hana kazi, mwanangu. Nilikuwa nayo kwenye ulimi. Nikamwona jirani yangu ananiangalia, nikakumbuka vigelegele, nikakumbuka kipaza sauti cha kanisani.

"Ana kazi yake, tena kubwa," nikasema huku nacheka. "Hawezi kwenda kuchungulia ndoo za maziwa."

"Hongera basi, mdogo wangu," akasema yule binti, akanywa supu.

Mjukuu wangu akakusanya mabakuli matupu akatoka. Nilimsikia huko nje anaosha bakuli. Aliloosha ni moja tu, muda wote uliobaki.

Walipoondoka nilidhani atalia au atapiga kelele. Angepiga kelele ningemshinda, kwa kelele mimi ni mzoefu. Akasimama mlangoni, mikono inadondosha maji.

"Bibi, umenipa kazi ya uongo ukaninyima ya kweli."

"Utapata nyingine nzuri zaidi ya hiyo."

"Na mimi nikanyamaza. Nimekuheshimu mpaka nimekuwa mjinga."

Nikamgombeza. Ndiyo, naandika na hili. Nilimwambia asinijibu hivyo, kwamba nimemlea. Akachukua mundu na kamba, akaenda kukata majani barabarani kabisa, mchana kweupe, na gauni lake la Krismasi, magari ya watu wa Dar yanapita. Nilimwita mara mbili. Hakugeuka.

Kutoka mlangoni kwangu mpaka kwa jirani ni kuvuka ubao mmoja juu ya mfongo. Nilichukua siku tatu kuuvuka. Siku ya kwanza nilijiambia wana wageni. Siku ya pili mvua ilinyesha kidogo, nikaisingizia mvua. Siku ya tatu nikaona kupitia kwenye migomba wanapakia gari: mikungu ya ndizi, gunia la maharage, kuku amefungwa miguu. Wanaondoka. Nikatoka bila viatu.

Walikuwa wote uani, jirani yangu, binti yake, na mkwe anayefunga kamba juu ya gari. Sikusalimu mtu.

"Mwanangu, mjukuu wangu hana kazi. Hajawahi kuwa nayo. Nilidanganya."

Jirani yangu akaweka chini kikapu alichoshika. "Na zabibu?"

"Nilinunua Moshi."

"Zabibu nilizozisifu mimi?"

Mkwe akageukia upande wa pili wa gari, mabega yanatikisika. Nilistahili.

Binti hakucheka. Alinishika mkono, akanisogeza pembeni, na kwa upole wake huo akaniumiza kuliko wote. "Bibi, ungesema siku ile, leo ningeondoka naye."

"Ondoka naye! Nafasi si bado ipo? Yuko hapo, nguo zake anakunja sasa hivi hivi."

"Nafasi ipo. Lakini sikiliza, bibi. Kazi yenyewe ni kupima maziwa. Gari linaingia, dereva anaapa hayana maji. Mwenye mzigo anapiga simu, anabembeleza, mwingine anatisha. Mpimaji ndiye anayesema yana maji au hayana, na sisi wote tunamwamini. Hana kitu kingine zaidi ya neno lake. Na huyu aliniangalia machoni akaniambia Dodoma kuna vumbi."

"Nilimwambia mimi aseme!"

"Najua. Na kesho ni nani atakayemwambia aseme?"

Nilitaka kupiga magoti. Akaniwahi, akanishika viwiko. "Bibi, usinifanyie hivyo, umenipa moto tangu mdogo. Mimi siwezi kumsemea mtu ambaye hakuna aliyemwona akifanya kazi hii. Kama watu wangemwona akiifanya hata wiki chache tu, mahali popote, ningekuwa na la kusema. Sina."

Wakaondoka. Nikabaki nimesimama kwenye alama za matairi yao.

Nimejiuliza tangu siku ile ni nini kinachompa kijana kazi. Nilifikiri ni cheti. Nikafikiri ni jina zuri, tulitunze lisiguswe na matope. Kumbe ni watu kujua mambo mawili: kwamba unatafuta, na ukishika kitu unakishikaje. Mambo hayo mawili mimi ndiye niliyeyafungia kabatini. La kwanza nililificha kwa uongo. La pili nililikataza siku ile aliyotaka kwenda kituoni bure.

Nilipomweleza yote, neno kwa neno, alikaa kwenye sanduku lile lile la magurudumu. "Kwa hiyo mimi ni mwongo sasa."

"Mwongo ni mimi."

"Ni wote wawili, bibi."

Kesho yake asubuhi akabeba keni yeye, mimi nikamfuata nyuma kama mtoto. Kina mama walikuwa wamejaa pale kituoni. Hakusubiri zamu. Akasimama mbele ya meza ya mzee wa kupima, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Shikamooni. Mimi Dodoma nilikaa siku tatu tu. Sikupita usaili. Miezi miwili nilikuwa Mwika. Sina kazi. Maziwa nimeyasomea, naomba nipime hapa bila malipo."

Hakunitaja. Alikuwa na haki ya kunitaja. Kila jicho pale lilinigeukia bila kutajwa, nami nilitamani kuingia ndani ya keni nijifunike.

"Kumbe kusubiri bado kunaendelea!" akasema yule mwenzangu wa umoja wa kina mama, na kicheko kikapasuka. Mjukuu wangu naye akacheka. Hapo nikashangaa kweli, si kwa kuigiza. Aibu niliyokuwa nikiikimbia mwaka mzima, yeye ilimchukua muda wa kicheko kimoja kuivuka.

Mzee wa kupima akavua miwani yake iliyofungwa kwa uzi. "Macho yangu haya yamechoka kusoma namba ndogo," akasema. "Njoo kesho, saa kumi na mbili kamili."

Akaanza. Kuna kile kipimo cha kioo kinachoelea kwenye maziwa, wanakiita laktomita, yeye alikuwa anakisoma mara mbili kila keni, anaandika. Akawafundisha kina mama kuosha keni kwa maji ya moto na kuzianika zimeinama. Walimnung'unikia wiki ya kwanza. "Msomi ametuletea usafi, na sisi tulikuwa tunaishi zizini." Wiki ya nne gari lilikuwa halirudishi maziwa yaliyochacha kama zamani, na manung'uniko yakapungua. Mimi nilikuwa napita pale kichwa kimeinama. Watu walikuwa wamenisamehe, hata utani walipunguza, lakini kila nikimwona na ile meza nilihesabu moyoni miezi niliyomnyima.

Ungedhani nilijifunza.

Ng'ombe wangu alikuwa na mimba kubwa, maziwa yanakauka, kila siku yanapungua. Asubuhi moja keni ilionekana chini mno. Nikachukua kikombe cha maji nikamimina. Nasema wazi: haikuwa mara ya kwanza. Enzi za mzee wa miwani nilishafanya hivyo, kila ng'ombe alipokaribia kukauka, na siko peke yangu katika usharika huu. Sikuwaza kuhusu kipimo cha kioo. Au niliwaza, nikajiambia: atanifichia. Kwani mimi sikumfichia?

Foleni ilikuwa ndefu, nyuma yangu yuko jirani yangu. Mjukuu wangu akachota maziwa yangu, akatumbukiza kipimo. Kikazama kuliko kawaida. Akakitoa, akakipangusa, akakitumbukiza tena.

"Bibi," akasema. "Haya yana maji."

"Pima tena."

"Nimepima mara mbili."

"Mimi nasema pima tena!"

Akapima mara ya tatu, mbele ya macho ya watu wote, taratibu, kama mtu anayemvalisha mtoto shati. Kisha akainua uso. Ulikuwa uso ule ule wa siku ya mabakuli, mdomo umefunguka kidogo. Safari hii hakunisubiri.

"Yana maji, bibi. Samahani. Siwezi kuyapokea. Rudi nayo."

Hakuna aliyecheka. Kina mama wawili waliokuwa mwisho wa foleni walichukua keni zao wakaondoka kimya kimya, wakasema wamesahau kitu nyumbani. Mimi nikafunika yangu. Kile kifuniko hakikutaka kukaa sawa, nikakipiga kwa kiganja.

Huku kwetu asubuhi maziwa yanashuka. Mtu akikuona unapanda na keni iliyojaa, lazima aulize. Nilikutana na wa kwanza pale njia inapokuwa nyembamba, mama mmoja ana mzigo wa majani kichwani.

"Bibi, mbona maziwa yanapanda?"

Ningeweza kusema gari halikuja. Jibu hilo lilikuwepo mdomoni, limeshaiva.

"Yana maji," nikasema. "Nilitia mimi. Mjukuu wangu ameyakataa."

"Yule wa Dodoma?"

"Hakuna wa Dodoma. Yuko hapo chini kituoni, anapima bure, na kazi anatafuta. Ukisikia mahali, mtaje."

Nilisema hivyo kwa mtu wa pili, na wa tatu. Usidhani kila mara ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Ilichoma vile vile. Wa tatu alikuwa kijana nisiyemjua kabisa, aliyekuwa amesimamisha pikipiki yake anaongea na simu, wala hakuniuliza kitu. Nilimwambia tu.

Nilikuwa nimekaribia kwangu niliposikia mtu ananifuata anahema. Ni jirani yangu. Amemaliza kupimiwa, keni yake tupu inagongana na goti, mkono wa pili ameshika simu. Akasimama, akaniangalia mimi, akaiangalia keni yangu.

"Nimeona kwa macho yangu," akasema. "Nataka nimpigie binti yangu. Lakini nikimwambia, lazima nimwambie yote. Na ya kwako pia. Nimwambie?"

Nikaweka keni chini, maana mkono ulikuwa umekufa ganzi.

"Mwambie," nikasema. "Anza na ya kwangu."